Tabo Si Taabu

Dar es Salaam
3 Machi 1997

Mdogo wangu Stefania,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wa huku tunapumua. Wifi yako Anjelina ameng'olewa jino, sasa anaongea kwa upande mmoja na nyumba imepata amani kidogo. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie dawa ya miguu nitamkabidhi mtu wa kwanza nitakayemwona anapanda basi la huko. Shemeji Damiani naye msalimie akishuka kutoka shambani Rondo.

Sasa. Nimepata barua ya Mjomba Dionis. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Eti umenunua gari. Kununua gari si dhambi, siku hizi kila kitu ruksa, hata walimu wanauza maandazi. Lakini umekuja Dar, umelala kwa wifi yako siku mbili, umeondoka na gari, na mimi mwenye miaka ishirini na miwili ya ufundi hukuniuliza! Najua nilikuwa Morogoro wiki ile. Ungenisubiri. Gari halina miguu.

Na gari lenyewe sasa! Mjomba ameandika kwamba lina bawa nyuma na tundu juu ya boneti. Nikajua mara moja. Hilo ni gari la tabo. Stefania, tabo ni feni ya chuma. Inazungushwa na moshi wa injini, nayo inashindilia hewa ndani ili gari likimbie kuliko lilivyojaliwa. Huko Japani vijana wanashindania hayo magari, wakishayachosha yanapandishwa meli kuja kwetu. Umenunua uchovu wa mtu mwingine.

Ni gari la kuendea harusini mara moja kwa mwaka, si la kupeleka mikate Mtama kila siku ya Mungu. Oili yake huko hamna, spea hamna, fundi hamna. Hiyo si tabo, mdogo wangu. Ni taabu, wamekosea herufi tu.

Nina mtu anayelitaka. Lilete, au nitakuja kulichukua. Tutakutafutia pikapu ya dizeli. Inakwenda polepole lakini haifi.

Kaka yako,
Sixbert Laurenti

*

Mitwero, Lindi
24 Machi 1997

Kaka Sixbert, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Mama anaitikia, anasema dawa unayoiahidi ingekuwa imeshamponya kwa kusikika tu. Wanangu wazima. Damiani alishuka Jumapili, akakaa ndani ya gari saa nzima likiwa limesimama, ameshika usukani, kisha akarudi zake shambani ameridhika.

Bahasha yako nusura niirudishe posta. Anwani ya shirika unakofanya kazi haimo, umeandika sanduku la duka la mtu nisiyemjua. Kuna nini?

Haya, tuje kwenye taabu yako. Kabla ya gari hili mikate yangu ilipanda juu ya basi, chini ya mabaiskeli ya watu. Ilifika Mtama saa tatu imebonyea, wanywa chai wameshajaza matumbo kwa mihogo. Leo natoka Mitwero saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili niko Mtama, na mkate bado una joto. Wenye vibanda vya chai hawachemshi maji mpaka wasikie ngurumo yangu. Pikapu yako ya dizeli itanifikisha saa ngapi? Itanirudisha kwenye mihogo!

Tena nikuambie jambo moja, unicheke ukitaka. Nikikanyaga mafuta kwenye kile kilima cha kabla ya Mtama, gari linanyamaza kidogo, linavuta pumzi, halafu linanibandika mgongo kwenye kiti na malori yote ya korosho yanabaki nyuma. Kaka, nimezaa watatu, nimelima, nimepika, nimeuguza wazee. Katika maisha yangu hakuna kitu kilichowahi kunisukuma mbele. Vyote vilinivuta nyuma.

Na usidhani nimekurupuka. Aliyeniuzia, Yohana, aliniambia kwa herufi kubwa: ukifika usizime papo hapo, iache injini iungurume dakika mbili, tabo ipoe. Nikafuata. Lakini wewe unamjua Mjomba Dionis. Mtama siwezi kupita bila kumwamkia. Siku ya kwanza nasimama mlangoni pake, nashuka, "Shikamoo, mjomba." Kimya. "Shikamoo, mjomba." Kimya. Kibanda cha chai cha Hussen chote kimegeuka kututazama. Ndipo akasema, "Anayeniamkia ni wewe au ni hilo gari? Mtu akija kwa mkubwa wake huzima." Watu wakacheka mpaka chai zikamwagika.

Basi tangu siku ile nikifika kwake nazima hapo hapo, naruka chini, naamkia. Naye anaitikia marahaba ndefu. Adabu imerudi, roho yake imetulia.

Siuzi.

Mdogo wako,
Stefania

*

Dar es Salaam
2 Mei 1997

Stefania,

Marahaba. Barua yako imekaa ng'ambo ya Rufiji wiki tatu pamoja na mabasi, kivuko kimeshindwa na maji. Imefika imelowa na imepinda, lakini ubishi wako haukufutika hata herufi moja. Wifi yako hajambo. Jino la pili linaanza.

Sasa nisikilize bila kunijibu kichwani. Unapanda kilima kwa kukanyaga, tabo inakuwa nyekundu kama kaa la moto, unafika kwa Mjomba, unazima. Oili ndiyo inayoipoza. Ukizima injini, oili inasimama pale pale ndani ya chuma cha moto, inaungua, inakuwa lami. Kesho tena lami. Keshokutwa lami. Unafanya hivyo kila siku tangu lini? Masikini ya Mungu. Nimeona magari yaliyouawa kwa mchanga, kwa maji ya chumvi, kwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Sijapata kuona gari linalouawa kwa shikamoo.

Na sitaki unipige chenga. Ukiwasha asubuhi, moshi una rangi gani? Kama ni mweupe unaopotea, tushukuru. Kama ni wa bluu na unanukia oili, ujue mgonjwa ameshaanza kukata roho. Na ule mluzi wake, ni mwembamba au unasaga? Nijibu hayo mawili tu.

Mjomba ameniandikia tena. Anasema ukoo umekwishaamua na mimi ndiye nitakayelileta Dar. Nitakuja Juni.

Kaka yako,
Sixbert

*

Mitwero
19 Mei 1997

Kaka, shikamoo.

Mama amepata dawa, ahsante, anatembea mpaka kisimani na kurudi akijisifu njia nzima. Mvua zimepungua. Mihogo imeota vizuri, kuku wawili wameibwa, na Mwanaima jirani yetu amejifungua pacha.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Mjomba, nikaliacha gari linaunguruma mlangoni. Nikapiga goti kama nilivyofunzwa. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo. Gari hili likizimwa ghafla linakufa. Chagua: nikuamkie likiunguruma, au nipite nikupungie mkono." Akasema hajawahi kuona mtoto wa dada yake akimpa mtihani. Akasema gari litauzwa, yeye ndiye mjomba, neno lake ndilo la mwisho, nichague gari au nichague ukoo.

Nikamjibu, "Nimechagua mkate."

Hajaitikia salamu yangu tangu siku hiyo. Mimi kila alfajiri nasimama, nashuka, naamkia, nakaa kimya mbele yake dakika mbili nzima, ndipo nazima. Watu wa kibanda cha Hussen sasa wanakuja na vikombe vyao kutazama. Aibu ni yake. Yangu nimeshaimaliza.

Kuhusu moshi, Damiani anakusalimu sana.

Karibu Juni. Utalala chumba cha Mama, utakula mikate, utarudi kwa basi.

Stefania

*

Dar es Salaam
30 Juni 1997

Mdogo wangu Stefania,

Nimefika salama. Tulilala njiani usiku mmoja kwa ajili ya matope, lakini mikate yako ilitutosha mimi na dereva.

Nashukuru kwa siku nne mlizonikirimu. Mama amenenepa. Watoto wako wana heshima kuliko mama yao.

Umeona mwenyewe sikulichukua gari. Nilikuja na nia hiyo, lakini nilipokuona Mtama, watu wanapokea mikate kwa mikono miwili, nikashindwa. Mjomba nimemwambia asubiri. Asubuhi ile ulipokwenda misa ya kwanza nililifanyia sevisi, nikabadilisha oili, nikakaza vya kukazwa. Sasa limetulia. Litakutumikia muda mrefu ukiliendesha kistaarabu.

Kule kuuliza kwako habari za kazini sikukujibu vizuri, nilikuwa nimechoka na safari. Kazi ipo.

Kaka yako,
Sixbert

*

Mitwero
4 Agosti 1997

Kaka Sixbert,

Shikamoo nitakupa, maana ni yako kwa kuzaliwa. Mama hajambo, watoto hawajambo, pacha wa Mwanaima wamenenepa. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Tangu uondoke gari langu limekuwa zee. Nakanyaga, linanguruma, haliendi. Kile kilima napanda kwa gia ya pili, malori yananipita, matingo wananipungia mkono kutoka juu ya magunia. Nimefika Mtama saa moja na robo, siku nyingine saa moja na nusu. Vibanda viwili vimerudi kwenye mihogo. Mjomba Dionis amenisamehe! Ndiyo. Ananiitikia marahaba kwa sauti ya furaha, kwa sababu ameniona nimechelewa.

Nilijilaumu mimi. Nikasema ndiyo hiyo lami aliyoisema kaka, nimeliua kwa mikono yangu. Nililia kaka, nililia jikoni nikikanda unga, watoto wakadhani nimeungua.

Halafu nikakasirika. Nikalipeleka Lindi mjini kwa Fakihi. Humjui, ni fundi wa majokofu ya samaki. Hajasomea magari, lakini ana ugonjwa mmoja, hawezi kuona kitu kimefungwa asikifungue. Nikampa kitabu cha gari. Kimeandikwa Kijapani, ila picha hazina lugha. Tulikaa naye juu ya turubai, kidole kwenye picha, kidole kwenye injini, tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Tabo haijafa, kaka. Inazunguka. Ila ubavuni pake pana kijilango cha kutolea pumzi inapozidi. Kijilango kile kilikuwa kimefungwa waya kikabaki wazi, pumzi yote inakwenda nje. Fakihi akasema, "Huu waya si wa kiwandani. Ni wa hapa hapa." Akataka kuukata. Nikamwambia acha kwanza, nikasogea kuutazama.

Waya umezungushwa mara mbili, ukapitishwa chini yake wenyewe, na mkia umefichwa ndani ili usichane mkono. Hivyo ndivyo baba yetu, Mungu amrehemu, alivyokuwa anafunga magunia ya korosho. Alitufundisha wawili tu, wewe na mimi. Na mimi sijaufunga.

Nilikuwa misa, kaka. Nilikuwa nakuombea safari njema!

Ungelichukua gari mchana kweupe ningekupigia makelele tukayamaliza. Wewe umenikata pumzi kimyakimya, kisha ukaniandikia niendeshe kistaarabu. Nimeshakuuliza mara mbili kuhusu anwani na kazi yako, umepita pembeni. Sasa nauliza la tatu na utanijibu: kwa nini?

Waya nimeufungua mwenyewe kwa vidole vyangu. Umo humu ndani ya bahasha.

Stefania

*

Dar es Salaam
1 Septemba 1997

Stefania,

Waya nimeupata. Anjelina ndiye aliyefungua bahasha, akauliza ni nini, nikamwambia. Nilipomwambia hilo ikabidi nimwambie na mengine, kwa hiyo wewe ni mtu wa pili kujua.

Sina kazi tangu Januari. Shirika linauzwa. Walituita kwenye uwanja wa gereji, mafundi thelathini na moja, kila mmoja akapewa bahasha. Barua yangu ina mistari mitatu. Imeandikwa YAH: KUPUNGUZWA KAZINI, halafu wakakosea jina langu. Miaka ishirini na miwili, Stefania, na wameandika Gisbert. Kila asubuhi naaga nyumbani, nakwenda kukaa kwenye duka la rafiki yangu, ndiyo ile anwani. Wiki ile ya Morogoro nilikuwa natafuta kazi.

Kazi zipo. Gereji zimejaa, magari ya mtumba yanashuka bandarini kila siku. Ila ukifika wanakuuliza, tabo unaijua? Mimi najua malori. Nipe injini ya lori nikiwa nimefumba macho nitaifunga, haitabaki hata nati moja. Nilijaribu kwenye gereji moja, nikaifungua tabo ya mteja, nikashindwa kuirudisha. Kijana wa miaka ishirini na mbili akanisogeza kwa kiwiko, taratibu kabisa, akaimaliza akiongea na mtu mwingine. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilipokuja kwako nilifungua boneti na sikujua pa kuanzia. Wewe ulikuwa unanieleza mluzi, pumzi, kupoa, na nikaona mdogo wangu muoka mikate analijua gari kuliko mimi. Hofu ya wewe kupinduka na gari nayo ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo. Lakini kilichonifanya nichukue ule waya ni wivu. Kijilango kile ndicho kitu pekee nilichokielewa kwenye injini nzima, nikakifunga waya.

Sitakuambia tena uuze. Sina haki hiyo. Mjomba akiniandikia nitamjibu hivyo hivyo.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Sixbert

*

Mitwero
20 Septemba 1997

Kaka yangu Sixbert, shikamoo.

Mama hajaambiwa. Utamwambia wewe, uso kwa uso, na utakula chochote atakachokutupia. Watoto wazima. Damiani yupo, ananiangalia naandika, anasema nisiwe mkali. Nimemwambia akatazame mbuzi.

Hasira sijaimaliza. Nimeipunguza tu, ile nusu niliyobaki nayo naihitaji kwa kazi. Lakini wewe umesema kweli, na mimi nina deni la kweli tangu Mei. Moshi ni wa bluu. Ulikuwa wa bluu tangu siku niliyolinunua gari, hata kabla ya Mjomba na marahaba zake. Asubuhi napepea kwa kanga watu wasiuone. Gari linakunywa oili kila wiki. Mluzi unasaga. Tabo hii niliinunua imeshazeeka na mimi nikaiongezea uzee. Fakihi anasema itafika Krismasi ikipenda, na isipopenda haifiki.

Ulisema litakufa. Litakufa, ndiyo! Na mimi nitalifungia tabo nyingine, liendelee kufika Mtama saa kumi na mbili. Vibanda vilivyokimbilia mihogo vimerudi vyote na vimeongezeka viwili. Mjomba amenuna upya, jambo linalonionyesha kwamba tunakwenda vizuri.

Hapo Dar tabo za magari yaliyogongwa zimejaa, Yohana aliyeniuzia gari atakuonyesha. Nunua tatu mbovu na moja nzima, fedha atakupa aliyekuletea barua hii. Zile mbovu zifungue mezani kwa Anjelina, uzivunje, uzikosee, hakuna wa kukusogeza kwa kiwiko. Ile nzima uje nayo. Fakihi ana kitabu na ana vidole. Hana mtu wa kumwambia nati ikazwe mpaka wapi bila kukatika, na hilo huwezi kulisoma kwenye picha.

Na kwa kuwa naona wewe ni mtu wa kuandikiwa barua rasmi, nimekuandikia. Imo ukurasa wa pili. Jina nimelihakiki mara tatu.



Kwa: Ndugu SIXBERT LAURENTI
Fundi

YAH: KUAJIRIWA KUWA FUNDI MKUU WA GARI LA MIKATE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Umeajiriwa kuanzia siku utakayofika. Kituo cha kazi ni Mitwero, na Mtama inapobidi. Utakula kwa mwajiri. Utakuwa chini ya mwajiri katika mambo yote ya gari, na juu yake katika mambo mengine kama ulivyozaliwa. Ni marufuku kugusa injini wakati mwajiri yuko misa.

Mjomba Dionis amepewa taarifa. Amesema mwanamke hamwajiri kaka yake. Amejulishwa kwamba huyu amemwajiri.

Ukikubali, usiniandikie. Panda basi.

Stefania Laurenti
Mwajiri